Hongera Niliyoitoa Homa Bay

Mdomo wangu una tabia ya kufika mahali kabla yangu. Juzi nilikuwa katika ofisi moja ya serikali mjini Homa Bay, dirisha moja kwa shida zote, nikifuatilia cheti changu cha kuzaliwa, nikamsikia karani akimwambia msichana aliyekuwa mbele yangu, "Yako ya miaka minne imeisha." Msichana akafuta machozi. Nikadhani ni ya furaha, nikapiga makofi mpaka foleni yote ikageuka.

"Hongera, nyathina, mwanangu! Kuku ya mahafali tunakula lini?"

"Si masomo imeisha, baba," akanijibu polepole. "Ni basari, ile pesa ya karo. Masomo imebaki muhula mmoja."

Mikono yangu ikabaki hewani kama ya mtu anayeua mbu.

Akamgeukia karani. "Madam, walimu waligoma, chuo ikafungwa. Nilikaa Muhuru Bay nikianika dagaa wa omena na mama. Si mimi nilikataa kusoma."

"Basari ni ya miaka minne."

"Kwa hivyo nirudi kwa omena?"

Karani akapuliza chai yake.

Tunamfungia mtoto mlango wa darasa, kisha tunamhesabia muda aliosimama nje. Nikaona nimtetee, angalau nifute aibu yangu.

"Madam, mimi nimelala katika viwanja vya ndege vya watu. Ndege ikichelewa kwa sababu rubani amegoma, hakuna anayekuambia tiketi yako imeisha."

Foleni ikacheka. Msichana hakucheka.

Karani akaweka kikombe chini. "Mzee, waliogoma ni walimu. Miaka haikugoma."