Nafasi ya Mgeni Kwenye Diski

Laptop yetu ya kwanza ilikuwa ya watu wawili, mimi na mdogo wangu wa kike, na nitasema wazi kwamba yeye ndiye aliyeitumia zaidi. Mimi nilikuwa nimeanza kufundisha sekondari, yeye anasoma chuo Iringa mjini, na wikendi tulikutana nyumbani kwa mama, Kalenga, kugombania chaja. Ilikuwa nzito, feni yake inavuma kama mashine ya kusaga, betri ilishakufa. Ukigusa waya kidogo tu imezima, na mtu analaumiwa mpaka jioni.

Mle ndani mlikuwa na kila kitu chetu. Mitihani ya wanafunzi wangu, notisi zake, muziki, picha za harusi za watu ambao siku hizi wameshaachana. Lakini kilichoijaza diski hasa kilikuwa ni mama. Nilipopata simu yenye kamera nzuri nilishikwa na wazimu wa kumrekodi. Mama anasonga ugali. Mama anapepeta maharage. Mama anasimulia kwa Kihehe jinsi baba alivyokuja kumposa na koti la kuazima, na akifika kwenye koti anacheka mpaka anashindwa kuendelea. Nyingi zilianza na yeye kunifukuza: "Niondolee hiyo simu, sijavaa vizuri." Halafu anajifunga upya kitambaa cha kichwani na kuongea. Simu ile niliibiwa stendi, kwa hiyo video zikabaki kwenye laptop peke yake.

Ijumaa moja mdogo wangu akafika amenuna. Mradi wake wa kumaliza mwaka ulitakiwa kuonyeshwa Jumatatu kwenye mfumo wa Linux, na laptop yetu ilikuwa na Windows tu. Asipouonyesha, anarudia mwaka. Akanieleza mpango wake: hatuifuti Windows, tunaipunguzia nafasi kwenye diski, tunakata sehemu nyingine, Linux inakaa humo. Ukiwasha, unachagua unaingia upande gani.

"Kama nyumba ya kupanga," nikasema.

"Kama nyumba ya kupanga, ila hawa hawagombani kwa ajili ya umeme."

Kesho yake asubuhi tukaiweka laptop kwenye meza ya sebuleni. Mama alikuwa pembeni kwenye kigoda, anachambua mboga za maboga. Programu ya kuweka Linux inakuchorea diski nzima kama upau mmoja mrefu wenye mstari wa kuugawa. Unauvuta mstari kushoto au kulia, huyu anapata, yule anapungukiwa. Lakini diski ilikuwa imejaa pomoni, mstari hausogei. Tukafuta muziki wangu, roho ikaniuma. Tukafuta na zile harusi, haikuniuma hata kidogo. Mstari ukasogea kiasi.

Mama akauliza tunapima nini. Mdogo wangu akamjibu kwamba kuna mgeni anakuja kukaa kwenye kompyuta, tunamtafutia nafasi. Alitaka tu kurahisisha maelezo, hakujua amegusa wapi.

Maana nyumbani kwetu chumba kizuri kilikuwa cha wageni. Kitanda kikubwa, mashuka ya kudarizi, mlango umefungwa na ufunguo anao mama. Sisi watoto tulibanana chumba cha pili tukipigana mateke usiku kucha. Wageni wenyewe walikuja kwa nadra, chumba kikakaa kinanukia dawa ya nondo, na ole wako ukutwe umekalia kile kitanda. Mama aliogopa kitu kimoja tu duniani, mtu atoke kwake akaseme alibanwa.

"Anakaa siku ngapi huyo mgeni?" akauliza.

"Anahamia, mama."

"Sasa mbona mnambana hivyo?" Akauonyesha upau kwa kisu chake. "Huyu wa zamani kajitandaza kote, mwenzake mnamlaza koridoni. Mpeni nusu kwa nusu."

Nikacheka. Nikamwambia nusu kwa nusu haiwezekani mpaka tumfute yeye, maana vilivyobaki vikubwa ni video zake, na hatuna pa kuzihamishia. Jirani aliyeahidi kutuazima diski yake ya nje alikuwa ameondoka nayo kwenda harusini kwa wafugaji huko Usangu, na flashi zetu zilikuwa ndogo.

"Futeni," mama akasema, kama mtu anayeruhusu maji ya kuoshea vyombo yamwagwe. "Mimi si nipo hapa? Mkitaka kuniona mnakuja mnaniona."

Nikamtazama mdogo wangu. Alikuwa ameinamia kioo, akasema haya. Tukafuta. Mstari ukasogea mpaka katikati, na mchana Linux ilipowaka mara ya kwanza mama akafuta mikono kwenye kitenge, akaja akaisalimia kwa Kihehe, "Kamwene." Tulicheka mpaka machozi.

Mradi ulipita, mdogo wangu akamaliza chuo. Mimi nikahamishiwa Mbeya, nikapanga mtaa wa Soweto, na laptop nikabaki nayo. Kila likizo nilipanda basi kwenda Iringa, likisimama Nyololo njiani namnunulia mama viazi, ingawa alikuwa navyo tele. Simu zangu zikawa nzuri zaidi na zaidi. Sikumrekodi tena, kwa sababu alikuwepo. Nilimkuta jikoni, nikakaa, nikala, tukaongea.

Mama alifariki mwaka juzi. Nawaza sana kile kicheko chake, na kinachonitesa ni kwamba siku hizi nakijua kipo lakini sikisikii tena vizuri kichwani.

Likizo iliyopita mdogo wangu alikuja kwangu Soweto. Akaiwasha ile laptop ili ahamishe kazi zake za chuo kabla haijafa kabisa. Akafungua dirisha linaloonyesha diski ilivyogawanywa, akakisogelea kioo. Nikaenda kusimama nyuma yake. Upande wa Linux ulikuwa na utepe mwembamba wa rangi mwanzoni, halafu weupe mtupu mpaka mwisho.

"Huo weupe ni nini?"

"Hakuna kitu. Haujawahi kutumika."

Alijaribu programu ya kurudisha vilivyofutwa. Ilileta majina ya video zetu, moja baada ya nyingine, na kila tuliyoifungua ilikuwa nyeusi, bila sauti. Akaifunga.

"Maelekezo ya chuo yalisema Linux inahitaji nafasi kiasi gani?" nikamuuliza.

"Ndogo. Pale tulipofuta muziki wako na zile harusi, ilikuwa imeshatosha."

"Na siku ile ulijua?"

"Nilijua, kaka." Hakugeuka kunitazama. "Mama kakaa pale na kisu chake. Ningeanzaje kumwambia kwamba mgeni wake atosheke na kidogo?"

Hasira ilinipanda, nikataka kumgombeza kama zamani. Lakini hata ningeyasoma mimi hayo maelekezo, ningefuta vilevile.