Wapendwa, Nani Hana Gari?

Jumapili tulikuwa na maombi nyumbani kwa muumini mwenzetu, Kitisuru, mtaa wa matajiri. Tulimwomba Mungu karo na kazi kwa sauti, bila haya. Tulipomaliza, mama mwenye nyumba akauliza, "Wapendwa, nani hana gari, tumpangie lifti?"

Hakuna aliyeinua mkono. Mzee mmoja wa suti akatikisa funguo. "Yangu iko hapo nje kwa geti." Mimi nikasema kuna mtu ananingoja.

Baadaye nilimkuta mzee huyo njiani akielekea steji ya matatu kwa miguu, suruali ameikunja, viatu vimejaa matope.

"Mzee, na hizo funguo?"

"Ni za nyumba. Na huyo mtu wako ako wapi?"

Kabla sijajibu, gari la yule mama likatokea nyuma yetu, viti vitupu. Sote wawili tukageukia ua wa michongoma kando ya barabara, tukaukagua kana kwamba tumekuja kuununua.