Unamwimbia Nani, Desmond?

Avril Tattersall alianza kumshuku mumewe kwa sababu ya wimbo. Mimi nilikuwa jirani yao pale Burnley, Uingereza, nyumba zetu zikitenganishwa na ukuta mmoja tu, kwa hiyo shaka yake niliisikia tangu siku ya kwanza.

Ulikuwa wimbo mwepesi wa mapenzi, wa enzi za ujana wetu: kijana kaachwa na msichana, anamwomba amrudishie baiskeli, moyo abaki nao. Upuuzi mtupu, lakini hakuna harusi iliyokwisha bila wimbo huo kupigwa, na hata wajukuu zetu wanaujua. Desmond peke yake ndiye ambaye hakuutaka. Miaka arobaini na minne ya ndoa, ukipigwa redioni, anazima. Sasa ghafla anauimba akinyoa ndevu.

"Nani kakufundisha kuimba uzeeni?" Avril akamuuliza.

"Kwani mtu haruhusiwi kuimba kwake?"

"Kuimba ruksa. Nauliza unamwimbia nani."

Desmond akacheka kicheko cha juu juu, akamimina maziwa kwenye chai ambayo tayari ilikuwa na maziwa.

Avril akanijia jikoni. "Kila Jumatano anapiga pasi shati mwenyewe. Eti anakwenda kucheza dhumna. Tangu lini dhumna ikachezwa na manukato, shoga yangu?"

Jumatano iliyofuata akajifunga skafu, akaniburuta hadi kituo cha basi. Desmond alikaa ghorofa ya chini ya basi. Sisi tukajificha ya juu. Alishuka mbele ya nyumba ya kutunzia wazee.

"Kumbe kapata mjane!" Avril akanong'ona. "Leo atanitambua."

Ndani tulimkuta Desmond amepiga magoti, akimfunga kamba za viatu mzee mmoja aliyepinda mdomo. Nilimtambua kwa shida. Alikuwa Clive, kaka yake, aliyekuwa mchumba wa Avril kabla Avril hajaolewa na Desmond. Tangu harusi ile ndugu hao hawakusemeshana.

Kiharusi kilikuwa kimemnyang'anya Clive maneno yote, hata jina lake. Lakini Desmond alipouanza ule wimbo, Clive aliudaka akaenda nao mpaka mwisho, neno kwa neno, na ukumbi mzima wa wazee ukaitikia.

"Kwa nini umenificha?" Avril akasema.

Desmond akashtuka, lakini hakuinuka. "Zamani wimbo huu alikuwa akikuimbia wewe. Nikajua ukija tu, mimi narudi kuwa mdogo mtu."

"Mjinga wewe! Nakufulia soksi miaka yote hii, na bado unawaza nani aliniona kwanza?"

Clive alimtazama Avril muda mrefu. Kama alimkumbuka, hatukujua. Avril akavua koti, akamsogezea kikombe.

"Shemeji, kunywa chai, itapoa."

Siku hizi Avril na Desmond huenda pamoja kumwona Clive. Desmond huketi katikati.