Mama mkwe aliponidhamini benki Bujumbura, nikashinda njaa miezi miwili

Wakuu, salaam kwenu.

Leo acheni niwachekeshe kwa shida zangu mwenyewe. Yote ni kweli tupu, chumvi nimeiacha jikoni kwa mke wangu.

Hii ni Bujumbura, miaka ile ya vita. Nilikuwa fundi mwashi, bosi wangu akafunga kampuni akahama nchi. Nikajiuliza, kwani hizi kuta alikuwa anajenga yeye? Nikaandikisha kampuni yangu. Mali ya kampuni ilikuwa muhuri, toroli moja na ngazi. Ngazi yenyewe ya jirani.

Bahati ikanidondokea, nikapata kazi ya kujenga madarasa matatu kule Musaga. Shirika lililofadhili likasema sawa, ila lete kwanza karatasi mbili: bima ya kazi na dhamana ya benki. Dhamana maana yake ukishindwa kumaliza kwa wakati, benki inawalipa wao, halafu inakugeukia wewe.

Nikaanza na bima. Kijana wa pale ofisini, tai imembana shingo, akanifungulia kitabu.

"Vita, hatulipi. Fujo, hatulipi. Wizi wa wakati wa fujo, hatulipi. Moto uliowashwa na watu wenye silaha, hatulipi."

"Na mafuriko?" Tofali zangu zilikuwa zinafyatuliwa Buterere.

Akacheka kabisa. "Buterere? Monsieur, pale mafuriko ni mukaaji, si ajali."

"Sasa nini inabaki?"

Akageuza kurasa, akageuza, akasema kwa furaha: "Radi!"

Basi wakuu, nikaomba bima ya radi, pamoja na ya mafundi wakianguka toka kwenye ngazi. Ya jirani.

Lakini kabla ya kusaini walitaka kuja kuona vifaa vyangu Musaga. Siku yenyewe ikifika, risasi zinasikika juu milimani, kijana wa tai anakumbuka ana kikao. Mara tatu. Mwishowe akasema leta picha tu. Nikaita mpiga picha, tukalipiga lile toroli kutoka kulia, kutoka kushoto, na mbele likiwa na mchanga. Nilisoma kwenye faili lao baadaye: "matoroli matatu". Sikusema neno. Mwenye kunihukumu na anihukumu.

Bado benki. Huko waliniambia wazi kwamba sina kitu, nilete mtu mwenye nyumba yenye hati, asaini kwamba nikishindwa wachukue nyumba yake.

Nilizunguka mji mzima. Rafiki zangu wa bia wote waligeuka wapangaji ghafla. Hata mmoja ambaye niliijenga nyumba yake kwa mikono yangu akaniambia ni ya shemeji.

Mtu pekee aliyebaki mwenye nyumba na hati alikuwa mama mkwe wangu. Mjane, anauza vitenge Bwiza. Nyumba ile ndiyo kitu pekee marehemu alimwachia.

Jamani, mama mkwe! Hata salamu mi nilikuwa namsalimia nikiangalia ukuta. Nikamtuma mke wangu, Konsolata, amwombe. Akarudi na jibu: "Amesema kama unataka nyumba yake, uje na mudomo yako mwenyewe."

Nikaenda na kesi ya bia, kreti nzima, kama desturi inavyotaka. Nikakaa karibu na mlango, nikaongea kwa adabu, jasho linanitoka hadi kwenye soksi. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kugusa chupa.

"Mukwe, nitasaini," akasema. "Lakini nyumba yangu haiwezi kwenda Musaga peke yake. Mi nitakuwa naenda kuiangalia kila siku."

Nilidhani ni maneno tu.

Jumatatu saa moja asubuhi namuona anashuka kwenye basi dogo, ana kigoda, mwavuli na rozari. Akakaa katikati ya eneo la ujenzi. Akatoka saa kumi jioni. Kesho yake vilevile.

Sasa kwa wasiojua, kwetu mkwe hali mbele ya mama mkwe. Ni aibu kubwa. Na yeye haondoki! Mafundi wanakula maharage yao mchana, mi najifanya napima ukuta. Siku moja nilijificha nyuma ya mifuko ya saruji na andazi langu, nikasikia sauti: "Mukwe, iko nini huko nyuma?" Nikalimeza zima zima, nusura ianze kazi ile bima ya ajali.

Ila niseme ukweli, hakuna fundi aliyethubutu kuchelewa. Mchanganyiko ukizidi mchanga, mama anakohoa. Akikohoa, wanachanganya upya.

Kisha vita vikatukumbuka. Mapigano yakashuka hadi karibu na Musaga, njia ikafungwa siku tisa. Ilipofunguliwa, nusu ya vibarua wangu walikuwa wamekimbia na familia zao, sikuwalaumu. Zimebaki wiki mbili shule ipokelewe, darasa la tatu halina hata lenta ya juu ya milango. Nikaenda kwa shirika kuomba siku chache. Wakanionyesha mkataba: tarehe ni tarehe. Bima? Nikikumbuka radi nilitaka kulia.

Hapo utani uliniisha. Nilikuwa naenda kumtoa mjane nje ya nyumba yake kwa sababu ya ubishi wangu wa kutaka kuitwa bosi. Nikamwambia yote, safari hii nikimtazama usoni.

Akachukua kigoda chake, akaenda zake. Kesho yake alishuka na wanawake watano, wenzake wa kwaya na wa sokoni. Wakajifunga vitenge, wakaanza kubeba maji na tofali. Siku kumi na moja mfululizo. Na mjue, wenzake wa mama mkwe nao huhesabiwa mama mkwe. Sasa nina sita wa kunizuia kula!

Tulimaliza ikiwa imebaki siku moja. Mkaguzi akagonga kuta, akajaribu milango, akasaini. Benki wakanirudishia hati, nikaipeleka Bwiza nimeishika kwa mikono miwili. Mama akaisoma yote, akaiweka chini ya vitenge.

Nikapata ujasiri wa kumuuliza: "Mama, hukuogopa?"

"Kuogopa nini?"

"Kupoteza nyumba."

Akaniangalia kama mtu aliyeuliza ujinga.

"Mukwe, mi nilikupa mutoto wangu, na apana hata banki moja ilinisainia. Siku ile ndio niliogopa. Hii ya nyumba ilikuwa kazi tu."

Wakuu, nilikosa pa kuweka uso.

Nilichojifunza: miezi mizima nilihangaika kwa watu wa tai nikitafuta mtu wa kuniamini, kumbe aliyeniamini kwa kitu kikubwa kuliko vyote alikuwa Bwiza anapima vitenge, na mi namsalimia nikiangalia ukuta.

Haya, na nyie mlioanza biashara mikono mitupu, nani aliwasainia? Semeni hapa chini. Wenye mama mkwe mpole, tafadhali msituringie.