Jina la Mama Gazetini

Harufu ya dawa ya hospitali ilikuwa ikiingia nyumbani pamoja na mama. Alikuwa muuguzi mkuu wa wodi ya watoto hapa Doha. Jioni moja ya kiangazi, nikiwa darasa la nne, alirudi na gazeti kwapani, akapita bila kutusalimu. Lilikuwa na picha ya wauguzi waliopewa tuzo. Wenzake walitajwa kwa majina. Yeye, aliyewafundisha kazi, aliandikwa "msaidizi". Alimpigia mhariri simu, akaeleza kwa upole, kisha kwa ukali. Mhariri alimjibu kwamba hilo ni jambo dogo, mradi picha imetoka vizuri.

Jirani yetu Anti Verna, Mmarekani mweusi aliyefundisha hisabati, alikuja kurudisha sufuria akamkuta mama analia jikoni. Aliitazama picha ile na kusoma maelezo yake akiwa amesimama. Kwao, alitueleza, magazeti makubwa ya mji yaliwaandika weusi walipokamatwa tu. Harusi zao, mahafali yao na maduka yao hayakuandikwa popote. Ndipo babu yake akanunua mtambo wa kuchapa, akaanzisha gazeti lao wenyewe, na sasa kaka yake ndiye aliyekuwa mhariri.

"Usimbembeleze mtu akuite jina lako," alimwambia mama. "Nipe picha yako. Sisi tutaliandika."

Gazeti lao lilifika kwa posta, na mama alikuwa ukurasa wa pili, juu ya tangazo la kinyozi: Rebeka Nafula, muuguzi mkuu, Doha. Ijumaa ile, baada ya ibada kwenye eneo la makanisa kule Mesaimeer, lilipita mikononi mwa walinzi, madereva na wapishi wenzetu kutoka Afrika mpaka likachakaa. Mlinzi mmoja Mganda aliuliza kama na yeye angeweza kuandikwa. Mama alicheka, lakini hasira haikumtoka. Kwa nini jina lake livuke bahari ndipo lisomwe katika mji anaofanyia kazi?

Gazeti lile la akina Anti Verna sasa limefungwa; wafanyabiashara waliolilipia matangazo walihamia mitandaoni. Watu huniambia simu inatosha. Inatosha nini? Mwezi uliopita jarida la shule ya binti yangu lilitoa picha ya washindi wa sayansi. Wenzake wana majina. Yeye ni "mwanafunzi kutoka Afrika". Nililalamika, nikajibiwa kwamba nafasi ilikuwa finyu. Niliiweka picha mtandaoni kwa simu yangu, pamoja na jina lake kamili. Watu wakaipenda, kesho yake wakasahau. Binti yangu anauliza ni gazeti gani litakalomwandika. Sina la kumtajia.