Pedale za Kufunga Mguu

Siku ile mvua ilikuwa imenyesha mpaka asubuhi, na mawe meusi ya Katoyi, mtaa wetu hapa Goma, yalikuwa bado yanang'aa. Hivyo ndivyo ninavyoikumbuka, mwanangu, kwa yale mawe. Umeniuliza kama ununue pedale za kufunga mguu, zile wanazotumia vijana wenzako wanaopanda milima na baiskeli. Ulitaka nikujibu ndiyo au hapana, uende zako. Kaa kidogo. Kwanza nikueleze habari za kaka yangu Janvier, na za mama yetu.

Baiskeli ilifika nyumbani mwaka ule mlima ulipotema moto, na moto ukapita katikati ya mji mpaka ziwani. Papa, yaani baba yetu, alikuwa anatunza bustani ya Mzungu mmoja kule Himbi. Yule Mzungu alifunga masanduku yake akaondoka, na baiskeli yake ya milimani akamwachia Papa, pamoja na viatu vigumu vyenye kichuma chini ya soli. Kichuma kile kiliingia kwenye pedale, kikalia ta! na mguu ukashikwa hapo. Viatu vilitushinda wote kwa ukubwa. Papa akafunga pedale za kawaida, na zile nyingine akazisukuma chini ya kitanda. Miaka ikapita. Papa alipofariki, miguu ya Janvier ilikuwa imeshafikia vile viatu, naye akazirudisha zile pedale.

Usifikiri kaka yangu alikuwa mjinga. Alijua baiskeli kuliko kijana yeyote wa mtaa wetu. Na pedale zile, nisikudanganye, zilimsaidia. Kwenye mawe mguu wake haukuruka. Kwenye mlima hakusukuma tu, alivuta pia, na sisi tukabaki nyuma tunahema. Mimi nilikuwa kijana wa haya, niliyeishia shule ya msingi, na kumfuata nyuma na velo, baiskeli yangu nzee, kulinitosha.

Ila kuna jambo moja ambalo wageni hawalijui, kwa sababu wao hawakukulia hapa. Sisi tulijifunza magurudumu kwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedale. Unajua mwenyewe: goti moja juu ya ubao, mguu mwingine unasukuma chini, na ukiteremka ni mguu huo huo unaokanyaga breki ya nyuma. Ukiona hatari, unauvuta mguu juu kwa nguvu na kuutupa chini. Hufikiri. Mwili umejua hivyo tangu utoto. Pedale ya kufunga haitaki hivyo. Inataka usokote kisigino kwenda nje, kama mtu anayezima sigara kwa kiatu. Ukivuta juu, inazidi kukushika.

Mwaka ule wa vita, Mama alikuwa amekwenda mji wa Sake, mbali na Goma, kuvuna maharage. Waasi wakashuka kutoka milima ya Masisi, magari yakaacha kupita. Mama alikuwa na magoti mabaya, hakuweza kutembea njia ndefu. Aliazima telefone ya jirani akatuita. Janvier alimwambia, na mimi nilisikia: "Mama, usitembee. Usipande kitu cha mutu mwingine. Nakuja kukutwaa mimi mwenyewe na velo." Kisha akafunga porte-bagage, kile chuma cha kubebea mizigo, nyuma ya baiskeli, akaweka blanketi juu yake ili Mama akae vizuri, akavaa vile viatu.

Baba yetu mkubwa, aliyekuwa anachonga chukudu uani kwetu, akaacha panga lake.

"We Janvier, toa ile biatu."

"Muzee, hii ndiyo inanipa mbio. Mama anangojea."

"Ndiyo maana nakuambia utoe. Ukishituka, mguu wako unafanya nini?"

"Nishituke juu ya nini, Muzee? Mimi ni kuku?"

Watu waliokuwa uani wakacheka. Baba mkubwa hakucheka.

"Jana ulianguka hapa mbele ya mulango," akasema, "ukimukwepa mutoto. Nilikuona. Ulivuta mguu kama mutu wa chukudu. Ulianguka kwenye muchanga, ukaamuka. Huko njiani haiko muchanga. Weka pedale za papa yako, uende polepole, umulete mama yako."

"Nikirudi na yeye utaniomba musamaha, Muzee."

Akapanda. Ta, ta. Tukaondoka.

Mpaka tulipopita Mugunga, mwisho wa mji, kila kitu kilikwenda vizuri. Halafu tukakutana na watu. Walijaza barabara nzima, wenye magodoro kichwani, wenye mbuzi, wenye watoto mgongoni, wote wakielekea Goma. Janvier alikuwa anateremka kwa mbio. Mbuzi mmoja akakata kamba yake akaingia mbele yake. Alishika breki. Nilimwona akivuta mguu juu, mara moja, mara mbili, uso wake umejaa mshangao, kama mtu aliyeshikwa na mkono wa mtu asiyemwona. Baiskeli ilisimama, ikalala upande, na yeye akalala nayo juu ya mawe ya moto wa zamani. Nilisikia mfupa wa paja. Nisingependa wewe uusikie.

Mguu ulikuwa bado umefungwa. Nilipojaribu kuuvuta alilia kwa sauti ambayo sikuijua. Mwishowe mama mmoja, mkimbizi, aliweka chini mzigo wake akanisukuma kando: "Fungua kamba za kiatu, wewe! Uache kiatu, umutwae mutu." Ndivyo mguu ulivyotoka, kiatu kikabaki kwenye pedale.

Janvier hakunitazama. Alisema tu, "Enda. Enda kwa Mama." Nilisimama pale na velo yangu, mwanangu, na risasi zilianza kusikika upande wa Sake, na watu wakaanza kukimbia, wengine wakimkanyaga. Nisingeweza kumwacha chini ya miguu yao. Tulimpandisha juu ya chukudu ya kijana mmoja, katikati ya viazi, tukarudi naye mjini. Kabla ya jioni barabara ikafungwa.

Barabara ilipofunguliwa, jirani wa Sake alikuja kutuona. Alisema walimwekea Mama nafasi kwenye chukudu yao. Akakataa. Aliketi mbele ya kanisa na mfuko wake wa maharage, akawaambia, "Nyinyi tangulieni. Mutoto wangu amesema anakuja." Tulimkuta amezikwa nyuma ya kanisa hilo, pamoja na wengine waliouawa na risasi, bila msalaba. Mfupa wake ulipoanza kushika, Janvier naye alikwenda akasimama pale na fimbo zake mbili. Tangu alipoanguka hajapanda baiskeli tena.

Sasa sikiliza ninalokushauri. Pedale hizo si mbaya. Ukizichagua, chagua zenye springi ya kulegeza, na uilegeze yote mwanzoni. Chagua viatu ambavyo kichuma kimezama ndani ya soli, maana katika nchi hii kuna siku utashuka na kukimbia. Jifunzie kwenye majani, ukishika ukuta, mguu mmoja kwanza. Jifunze kutoka kabla ya kujifunza kwenda mbio. Mwombe rafiki akushtue ghafla, hata watu wakucheke, mpaka kisigino kiende nje chenyewe bila wewe kukiagiza. Usihesabu siku ulizozivaa. Angalia mwili wako unafanya nini ukiogopa, maana hicho ndicho unachokijua kweli. Na kitu ambacho bado unajifunza, ukiache nyumbani siku ambayo kuna mtu anakungoja. Siku hiyo nenda na unachokijua, hata kama ni cha polepole na wenzako wanakucheka. Na usimwambie mtu akungojee wewe peke yako. Mwambie: ukipata njia nyingine, ipande, tutaonana mbele.

Nenda, mwanangu. Mungu ashike magurudumu yako kwenye mawe yetu haya, na kila anayekungoja akuone ukifika.