Majina Yalipoisha

Leo nimempita mama anayekaanga mahamri kando ya barabara, na harufu ya iliki ikanirudisha kwenye nyumba yetu ya mabati, karibu na Dunga, kando ya ziwa.

Mdogo wangu wa kike alikuwa amezaliwa juzi tu, na alilia mpaka akakataa titi. Kwetu, mtoto akilia hivyo, kuna marehemu anayetaka mtoto apewe jina lake, na hanyamazi mpaka litajwe. Nyanya alimpakata akamtajia wafu wetu wote mmoja mmoja, mpaka majina yakaisha. Mama naye akaanza kulia.

Jirani yetu Mwislamu alikuwa mlangoni, ameshika sahani ya mahamri. Alikuwa amemzika mama yake majuzi.

"Mama yako aliitwa nani?" Nyanya akamuuliza.

"Lakini yeye si wa kwenu, Mama."

"Ndiye aliyenizalisha watoto wangu wote. Sema!"

Jirani akalitaja jina kwa sauti ndogo. Mtoto akanyamaza, akageuza uso, akatafuta titi.

Aliposhiba, Nyanya alimweka mikononi mwa jirani. "Haya, mshike mama yako."

Jirani akapiga magoti.

"Shikamoo, Mama," akasema.